Hedifoni imeisha chaji, sabufa ikapokea simu ya mteja saa nne usiku. Nimechoka na sauti za kompyuta!

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Kazi yangu ni kupangia wageni safari, nafanyia nyumbani, Sakina hapa Arusha. Kioo cha laptop kilipasuka mwaka jana, kwa hiyo nimeiunga kwa waya wa HDMI kwenye tivii ya sebuleni. Kwenye tundu la hedifoni imechomekwa sabufa. Simu za wageni napokea kwa hedifoni ya Bluetooth. Vifaa vitatu, kila kimoja na kiburi chake. Tivii ndiyo haina adabu kabisa: ikiwashwa tu inanyakua sauti bila hodi.

Juzi saa nne usiku, New York saa tisa mchana, navutana bei na mteja, siku sita za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Hedifoni nimeishusha hadi 20 maana mtoto kalala. Katikati ya maongezi chaji ikakata. Sabufa ikapokea! Na sabufa Jumapili watoto waliiacha 100 wakiangalia katuni. Kumbe kompyuta inakumbuka sauti ya kila kifaa peke yake, ile 20 yangu ilikuwa ya hedifoni tu. Mzungu akanguruma dola zake uani kote, glasi za kabatini zikalia, mtoto huyo kaamka, mbwa wa jirani wakajibu. Nikahangaika kupunguza, kwa papara nikamkatia simu. Mpaka leo hajajibu imeili.

Asubuhi mama mwenye nyumba yuko bombani: "Baba Junior, kumbe wewe ni mtu wa dola?" Na kodi yangu inaisha mwezi ujao.

Lakini anayeniuma zaidi ni fundi. Wiki mbili kabla nilimpelekea mashine, nikamweleza kila kitu: muziki unatoka kwenye tivii, simu zinatoka kwenye hedifoni, nikianza kuongea sauti zingine zote zinafifia. Hakufungua hata sehemu moja ya mipangilio. "Hii ni ya kupiga Windows tu, bosi," yaani kufuta kila kitu na kuiweka Windows upya. Elfu ishirini na tano, na mafaili yangu ya bei ya misimu miwili yakaenda na maji. Nafika nyumbani, mambo yaleyale.

Usiku ule wa aibu nikakaa mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, inafunguka orodha ya vifaa vya sauti. Kumbe kuna kifaa kikuu cha sauti za kawaida na kingine cha mawasiliano, na si lazima kiwe kimoja! Halafu upande wa mawasiliano kuna alama imeshawekwa tayari: ukianza kupiga simu, sauti zingine zishuke asilimia 80. Kumbe ndiyo iliyokuwa inafifisha sauti, na mimi nikalipia kupiga Windows!

Na hedifoni moja inajitokeza mara mbili, "Stereo" na "Hands-Free". Ile Stereo, njia nzuri ya muziki ya Bluetooth, haibebi maiki. Maiki ikiwaka, inahamia njia ya simu, ile Hands-Free, na sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Mimi nilisharudisha hedifoni mbili dukani nikipiga kelele kuwa ni feki (dada wa dukani, popote ulipo, nisamehe).

Tena tangu 2018 Windows 10 inakuruhusu kuipangia kila programu kifaa chake. Fundi anakula kwa kompyuta kila siku, hilo hajui, anajua kufuta mafaili ya watu?

Sasa sabufa nimeizima kwenye ile orodha, ila kila Jumapili lazima niingie tena kuiwasha, la sivyo watoto hawanipi amani. Mwenye njia ya kuhamisha sauti kwa kibonyezo kimoja aniwekee hapa. Unayekuja kusema nipige Windows, pita kimya.