Kura moja haiamui kitu, sasa nini kinamtoa mtu nyumbani?

Mdadisi_wa_Kona
Habari zenu wakuu. Hili swali limenikaa kichwani muda mrefu na sijapata wa kunijibu vizuri. Kuna mtu anabishana siasa asubuhi mpaka usiku, majina ya wagombea wote anayo, skendo zote anazijua, ikifika siku ya kura kalala. Na kuna bibi hajui hata ilani ya chama chake inasemaje lakini alfajiri yupo foleni na kitambulisho mkononi. Sasa nini hasa kinamtoa mtu nyumbani? Maana ukipiga hesabu kavukavu, kwenye watu milioni kadhaa kura yangu moja inabadilisha nini jamani. Halafu sitaki majibu ya "ni wajibu wako kama raia", hayo tumeimbishwa tangu shule.

Hesabu_Kali
Mkuu hiyo hesabu ilishapigwa zamani, kuna mchumi Mmarekani anaitwa Anthony Downs aliiweka wazi 1957. Chukua faida utakayopata mgombea wako akishinda, zidisha na uwezekano kwamba kura yako ndo itakayoamua, unapata kitu karibu na sifuri, alafu toa gharama za kwenda, muda, nauli, kusimama juani. Jibu linatoka hasi. Kwaiyo kwa akili za biashara kituoni asingeonekana mtu na bado mamilioni wanaenda. 1968 wakaja wataalamu wa siasa wawili, Riker na Ordeshook, wakaongeza kipengele, ile raha ya mtu kuona katimiza wajibu. Mi naona hapo walichomeka kitu tu ili hesabu ikubali, maana ukiuliza hiyo raha huyu kaitoa wapi na jirani yake kwa nini hana, hesabu inanyamaza.

SautiYaUpande
Raha inatoka kwenye macho ya watu, basi.

Kule Michigan, Marekani, mwaka 2006 watafiti waliwatumia watu barua kabla ya kura za mchujo. Waliokumbushwa tu wajibu wao waliongezeka kidogo sana, haifiki hata pointi mbili za asilimia. Ila kundi lingine barua yao ilikuwa na majina ya majirani, nani alipiga chaguzi zilizopita na nani hakupiga (kule nani kaenda kupiga ni kumbukumbu ya wazi, kampigia nani ndo siri), na wakaambiwa kabisa uchaguzi ukiisha tutatuma orodha nyingine. Hao walipanda pointi kama nane. Nane, kwa karatasi!

Na Uswisi walipoanza kuruhusu kura kwa posta watu walitegemea idadi ipae maana unapigia sebuleni. Haikupaa hivyo, na kwenye jamii ndogondogo ambako kila mtu anamjua mwenzake mambo yakaelekea kurudi nyuma. Ukiniuliza mimi sababu ni kwamba hakuna tena wa kukuona umevaa vizuri unaelekea kituoni. Ndo maana bibi yako yupo foleni alfajiri, wenzake wote wapo pale, asipokwenda wataulizana yuko wapi.

MimiSiendi
Mnaongea kama anayebaki nyumbani ana ugonjwa mnamtafutia dawa. Mimi siendi na sio uvivu. Wagombea wawili sera moja, au mshindi anajulikana miezi kabla, au mtu haamini kama kinachotangazwa ndicho kilichopigwa, aende kufanya nini? Kutokwenda nako ni ujumbe.

MamaWatatu
Ndugu yangu @MimiSiendi huo ujumbe nani anausoma? Siku ya matokeo wewe uliyegoma, na aliyelala, na mgonjwa, na aliyekuwa zamu kazini, wote mnaingia kwenye namba moja, hawakujitokeza. Kama una hasira nenda kaiharibu hiyo karatasi, angalau kura zilizoharibika zinahesabiwa peke yake. Ila hapo kwenye kutoamini matokeo sikubishii, mtu akishaona kura yake haiheshimiwi humrudishi kwa mabango.

Kingine nyie mnafanya kama watu tunakaa kupiga hesabu za faida. Wengine tunakwama kwenye vitu vidogo tu. Umehama na daftari bado linakusoma ulikotoka, muda wa kuhamisha taarifa umepita hata hukusikia tangazo, mtoto wa kumwachia hakuna, bosi anasema nenda ila urudi ndani ya saa moja na foleni unaiona ilivyo. Marekani wanapiga Jumanne, siku ya kazi, kwa sheria ya tangu 1845! Australia wanapiga Jumamosi, na tangu 1924 kupiga ni lazima, usipotoa sababu ya maana unapigwa faini ndogo. Kabla ya hapo, uchaguzi wa 1922, hawakufika hata asilimia 60, wa 1925 wakavuka 90. Raia walewale, miaka mitatu tu. Hamniambii walipata uzalendo ghafla.

Hesabu_Kali
@MamaWatatu hapo umenimaliza dada. Chile pia, waliifanya hiari 2012 idadi ikashuka, 2022 kwenye kura ya katiba wakarudisha lazima wakatoka zaidi ya asilimia 85.

Ila @Mdadisi_wa_Kona kura moja kuamua ipo, ni nadra tu. Virginia, Marekani, 2017, kiti cha bunge la jimbo, wagombea wawili walifungana 11,608 kwa 11,608. Majina yakawekwa kwenye bakuli likachomolewa moja, na kiti hicho ndicho kilichoamua kama chama cha Republican kinabaki na wingi kwenye lile bunge au wanagawana viti sawasawa na Democrat.

Mdadisi_wa_Kona
Dah. Kwaiyo yule jamaa wa kubishana kutwa tatizo lake sio kwamba hajali, ni kwamba hakuna anayemngoja kituoni? Maana ukimfikiria marafiki zake wote wapo kwenye simu.

SautiYaUpande
Mwambie mpitie kwake asubuhi muende wote uone kama atakataa.

MimiSiendi
Bakuli 😂 yaani nipange foleni nusu siku alafu mambo yaishie kwenye bakuli. Na hiyo barua ya majirani wakithubutu kuniletea mimi ndo siendi kabisa, makusudi.