Nilimpigia mama kelele, sasa najiogopa

Kifungua_Mimba
Wanajamvi, habari za saa hizi. Ni saa tisa usiku, mama ndiyo kwanza amelala. Ana miaka 78, na mwaka wa tatu huu tangu daktari atuambie ni Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ninayekaa naye ni mimi. Wadogo zangu wawili wa kiume hupiga simu Jumapili kuuliza, "Mama anaendeleaje?" Mimi sijaulizwa hata siku moja.

Juzi jioni kaniuliza sijui mara ya ngapi, "Nyumbani tunakwenda saa ngapi?" Tuko nyumbani. Kakumbatia mkoba mtupu, viatu kavaa kushoto kulia. Nikafoka, "Mama, hapa ndipo nyumbani!" kwa sauti nisiyoijua. Akanywea, akakaa. Baada ya nusu saa akaniita kwa kunong'ona: "Binti, yule mwanamke mkali ameshaondoka?" Nikamwambia ameondoka. Akanishika mkono. "Afadhali. Wewe ukae."

Tangu siku hiyo usingizi sina. Kuna saa natamani haya yaishe, halafu nashtuka kujua ninachokitamani. Nimekuwa mtu mbaya, au naumwa? Nishaurini, ila "mwachie Mungu" nimeshaambiwa ya kutosha.

Bundi
Pole sana, dada. Nimemuuguza mume wangu miaka sita, na huyo mwanamke mkali kwangu alikuwa anakuja mara kwa mara tu. Ungekuwa mbaya usingekosa usingizi.

Kuhusu "nyumbani": acha kumsahihisha. Anachokitafuta mara nyingi si nyumba, ni utulivu aliokuwa nao zamani. Muulize nyumbani kuna nani, kuna nini, umsikilize. Jioni wengi huchachamaa, kwa hiyo washa taa kabla giza halijaingia, na yale ya kuvutana, kama kuoga, yafanye asubuhi.

Mzee_Kobe
Kumkubalia mzazi jambo lisilo kweli ni kumdanganya. Wapeleke wadogo zako wakae naye na wao.

Bundi
Mzee wangu, shikamoo. Ukweli wa kumliza mtu mara kumi kwa siku unamsaidia nani?

Nesi_Mstaafu
Mama mmeshamjadili, mimi naomba turudi kwa binti. Kutamani yaishe husikika sana kwa walezi, ila wengi hawathubutu kulitamka. Lakini ukikaa wiki mbili huna raha na chochote, hulali hata mama akiwa amelala, au ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, hiyo yaweza kuwa sonona, na inatibika. Kwa mawazo ya namna hiyo usingoje hata kesho. Nenda hospitali *kwa ajili yako*, na ukifika sema wazi kwamba unauguza mtu mwenye dimensia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu kama ya mama. Kuna hata dodoso la maswali 22, la Zarit, linalopima uzito wa mzigo wa mlezi.

Msaada wa kisaikolojia si lazima uwe bingwa na kochi lake. Uingereza walijaribu mpango uitwao START: vikao 8 vya mlezi na mtu aliyefundishwa, si mwanasaikolojia aliyebobea, wakijifunza kuzikabili tabia zinazochosha na mawazo ya kujilaumu. Sonona na wasiwasi vilipungua, na miaka 6 baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo ya walezi, yanaitwa iSupport.

Jambo moja nje ya mada: mama akibadilika *ghafla*, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni ugonjwa ule ule. Mpeleke akapimwe, mara nyingine ni maambukizi tu.

Upepo_wa_Kusi
Mimi kilichonifungua macho ni Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani. Miaka ya 1970 alikuwa akifanya kazi na familia za marubani waliopotea vitani: mtu hayupo, na hajazikwa. Baadaye akaona dimensia ni hiyo hiyo imegeuzwa, mtu yupo na hayupo. Dada, wewe uko msibani na hakuna anayekuja kukupa pole.

Na wale wadogo zako, usiwaambie "nisaidieni". Waambie, "Tarehe 14 hadi 16 njoo ulale na mama, mimi sitakuwepo." Hapo ni ndiyo au hapana.

Kifungua_Mimba
Nimesoma zote, nimelia, asanteni. Mzee Kobe, na wewe asante, sijakasirika.

Leo jioni kaja na mkoba wake. Nikamuuliza nyumbani kuna nani. "Dada zangu. Nguo ziko nje, na mvua hiyo inakuja." Basi tukatoka kuanua nguo. Kamba haikuwa na hata kitambaa. Akaipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Wameshaanua," tukarudi ndani.

Ujumbe wa tarehe 14 nimewatumia wote wawili. Mmoja ameusoma, kimya. Wa mwisho kauliza mama huamka saa ngapi usiku. Hospitali nakwenda Alhamisi, jirani atakaa naye.