Leseni ya glaida, TMG (glaida yenye injini yake) na uzito

mbawa_ndefu: Wakuu, niko Ujerumani, nina SPL, yaani leseni ya rubani wa glaida (ndege inayoelea bila injini). Naruhusiwa kurusha Grob G109B? Na Cessna 150, ndege ndogo ya kawaida ya injini, je?

Kusi: Cessna hapana, japo uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 726 tu. Inataka LAPL(A) au PPL, leseni za kurusha ndege ndogo za injini. G109B ni TMG: ongeza saa 6 za mafunzo, 4 kati yake na mwalimu, safari ya peke yako ya kilomita 150 ukitua uwanja mwingine, kisha mtihani wa kuruka.

fundi_tangi: Usisahau uzito, mkuu. Kikomo cha G109B ni kilo 850, ikiwa tupu karibu 620. Lita 100 za petroli ya ndege ni kilo 72. Zinabaki 158 kwa watu wawili na mizigo. Wengi hujaza tangi kwanza, halafu kwenye joto ndege inagoma kupanda. Pima watu, ndipo ujaze.