Somo la "Ushindi na Mafanikio": mistari ipi niitumie, na nianze na upi?

Mwl_wa_Jumuiya aliuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Jumatano nina somo la jumuiya, dakika 90, watu kama 15. Kichwa nimepewa tayari: "Ushindi na mafanikio ya Mkristo". Mistari niliyokusanya ni ile inayosikika kila mahali: Yoshua 1:8, Yeremia 29:11, Warumi 8:37, Wafilipi 4:13, 3 Yohana 2 na Ufunuo 12:11.

Shida ni kundi lenyewe. Humo ndani yuko aliyefunga duka mwezi uliopita, yuko aliyepandishwa cheo, na yuko mama anayeuguza. Je, mistari hii yote inasema jambo moja? Nianze na upi? Na ni wapi walimu huharibu somo hili? Naomba vifungu, "ubarikiwe mtumishi" nimeshapata nyingi.

---

Mchimba_Neno:

Mwalimu, hiyo ni mizigo miwili kwenye gunia moja. Itenganishe kabla hujasimama mbele ya watu.

Mzigo wa kwanza ni *kushinda*. Kitenzi cha Kigiriki ni *nikao*. Kimo mara 28 katika Agano Jipya, na 17 kati ya hizo ziko Ufunuo peke yake. Sasa angalia kinavyotumika humo. Ufunuo 5:5 Yohana anaambiwa Simba wa kabila la Yuda ameshinda; anageuka kumtazama, mstari wa 6, anaona Mwana-Kondoo kama amechinjwa. Ufunuo 12:11 watakatifu wanamshinda joka, yaani Shetani, kwa damu ya Mwana-Kondoo na neno la ushuhuda wao. Wahubiri wengi huishia hapo, wakati mstari unaendelea: "ambao hawakupenda maisha yao hata kufa". Halafu 13:7, kitenzi kilekile, mnyama aliyepewa nguvu na joka anapewa kufanya vita na watakatifu *na kuwashinda*. Ina maana watu walewale wameshinda na wameshindwa, inategemea unatazama ukiwa upande gani. Kwa macho ya mnyama, wameuawa, habari yao imekwisha. Mbinguni wanahesabiwa washindi kwa sababu hawakumkana Kristo.

Warumi 8:37 ni hivyo hivyo. "Katika mambo hayo yote tunashinda." Mambo gani? Rudi mstari wa 35: dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari, upanga. Saba. Na wa 36 unawaita kondoo wa kuchinjwa. Paulo hasemi tunaondolewa katika hayo, anasema tunashinda tukiwa ndani yake, na ushindi wenyewe ni kwamba hayo saba hayawezi kututenga na upendo wa Kristo.

(Kiswahili chetu kimetupa zawadi hapa. Kushinda ni kumbwaga adui, lakini pia ni kukaa kutwa: "umeshindaje?", "ameshinda njaa". Mwambie mtu "Juma ameshinda njaa" kisha umuulize Juma amekula au hajala. Si maana ya Kigiriki, lakini darasani inafungua masikio vizuri.)

Mzigo wa pili ni *kufanikiwa*. Kiebrania, *tsalach*, kitu kwenda mbele hadi kitimize kilichokusudiwa. Ndicho kilichomo Yoshua 1:8. Usianze na Yoshua lakini. Anza na Mwanzo 39. Mstari wa 2 unasema Bwana alikuwa pamoja na Yusufu, naye akawa mtu wa kufanikiwa. Wakati huo Yusufu ni mtumwa aliyenunuliwa, hana mshahara, hana hata kanzu aliyotoka nayo kwao. Mstari wa 23 neno lilelile linarudi, na sasa yuko gerezani. Aliuzwa akiwa na miaka 17 (37:2), akasimama mbele ya Farao akiwa na 30 (41:46). Miaka 13. Biblia haikungoja hiyo miaka 13 iishe ndipo imwite aliyefanikiwa.

---

Dada_Neema_W:

Naongeza upande wa kuendesha kipindi, maana somo zuri linaweza kufa kwa mpangilio mbovu.

Dakika 90 huzipati zote. Kumi za mwanzo zinakwenda kwa wimbo, sala na wanaochelewa. Kisha 20 za Mwanzo 39, 20 za Warumi 8:31-39, 25 za vikundi vya watu watano watano, na 15 za mwisho ni maombi. Mistari sita ni mingi mno, chukua miwili ya kusomwa na wote, kutoka iliyobaki wape vikundi, kila kikundi mmoja.

Kanuni ya vikundi iwe moja: hakuna kusema mstari unamaanisha nini mpaka mmesoma mitano kabla yake na mitatu baada yake, kwa sauti. Wafilipi 4:13 wakiisoma hivyo watakutana na mstari wa 12, "nimefundishwa kushiba na kuona njaa", na wa 14, Paulo akiwashukuru kwa kushiriki dhiki yake. Hapo mtu wa duka anaingia bila kutajwa jina. Paulo aliweza mambo yote, na bado Wafilipi walimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito.

3 Yohana 2 mpe kikundi chenye watu wenye kelele, haha. Waulize: huyu Gayo, aliyeandikiwa barua, anaombewa afanikiwe, anasifiwa kwa lipi? Jibu liko 5 hadi 8, aliwakaribisha wageni na kuwasafirisha. Tena kumtakia mtu afya mwanzoni mwa barua ilikuwa desturi ya waandishi wa Kigiriki, kama sisi tunavyoanza "natumaini hujambo". Ni sala ya kweli ya Yohana kwa rafiki yake, ila si hati ya ahadi kwa kila Mkristo.

---

Baraka_Tele:

Samahanini, mnanipa wasiwasi. Mkimaliza kuchambua, watu wataondoka wakidhani kufilisika ni karama. Kumbukumbu 8:18 inasema Mungu ndiye akupaye nguvu za kupata utajiri. Paulo anasema mtu asipotaka kufanya kazi, asile. Huyo aliyepandishwa cheo mtamwambiaje, atubu?

---

Mchimba_Neno:

Hapana kaka, asitubu, ashukuru. Lakini Kumbukumbu 8:18 ni jibu la 8:17, mtu aliyekwisha kujenga nyumba nzuri na mifugo yake kuongezeka, akasema moyoni "nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu". Musa anamkumbusha mwenye mali zilitoka wapi, naye hajapewa kanuni ya kuzipatia.

Wa kumsoma kwa ajili ya aliyepandishwa cheo ni mfalme Uzia, 2 Mambo ya Nyakati 26. Sijui kwa nini hahubiriwi. Alitawala tangu ana miaka 16, akakaa kwenye kiti miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima vingi, alipenda ukulima, alikuwa na jeshi la watu 307,500 na mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Na mstari wa 5 unakiri wazi: muda alipomtafuta Bwana, Mungu alimfanikisha. Mafanikio yale yalikuwa halali kabisa. Kisha mstari wa 16, alipopata nguvu moyo wake ukatukuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Azaria na makuhani 80 wakamzuia, akakasirika chetezo kikiwa mkononi, ukoma ukamtokea kwenye kipaji cha uso. Akafa akikaa nyumba ya peke yake. Minara ilibaki imesimama.

Ukitaka kipimo, Mathayo 25. Wa talanta tano alileta tano nyingine, wa mbili akaleta mbili. Linganisha mstari wa 21 na wa 23: sifa waliyopewa ni ileile, neno kwa neno. Aliyekemewa ni wa moja, kwa kuifukia. Na moja haikuwa hela ndogo. Talanta ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa siku, kwa hiyo ni karibu miaka 20 ya kibarua.

---

Mhudumu_wa_Wagonjwa:

Kwa yule mama anayeuguza, mwalimu, tahadhari mbili.

Ushuhuda ukifunguliwa bila mipaka, watatu wataeleza walivyopona, na yeye atabaki anajihesabu mwenye imani haba. Wape washuhudiaji dakika tatu tatu, na swali moja: "Mungu amekushika vipi katika jambo ambalo bado halijaisha?" Swali hilo hata mwenye mgonjwa ndani analijibu.

Pili, mtu akiombewa, usitamke "umeshapokea, dawa weka pembeni". Dawa za presha, kisukari au ARV zikikatwa ghafla madhara yake ni ya kweli, na kuacha ni suala la daktari. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), Timotheo akaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Na huyo Epafrodito aliyetajwa na Dada Neema aliugua karibu na kufa, Wafilipi 2:27. Barua hiyohiyo yenye "nayaweza mambo yote".

---

Mwl_wa_Jumuiya:

Nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni. Nitaanza na Mwanzo 39, kisha Warumi 8. Uzia namwekea Jumatano inayofuata. Imebaki Yeremia 29:11. Niitoe kabisa?

---

Dada_Neema_W:

Usiitoe, wataiuliza tu. Iweke kabla ya maombi na usome kuanzia mstari wa 4. Ni barua kwa waliokwisha kuhamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia miaka 70, kwa hiyo wengi wao wangezikwa hukohuko. Hanania, nabii wa uongo wa sura ya 28, alikuwa ameahidi miaka miwili tu, akawatumainisha watu uongo. Akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Halafu waombe kwa kufuata mistari ya 5 hadi 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mliomo. Wa duka ataombewa mtaji na wateja, wa cheo ataiombea ofisi yake, na mama ataombewa usiku wa leo. Bahasha ya mchango wa huyo mama ipitishwe mkiwa bado mmekaa, mkishasimama kwa wimbo wa mwisho watu wanatawanyika.