Mfalme wa Bhutan aliyeachia kiti: mpenda demokrasia au mfukuza raia?

Mwanzisha mada: Wakuu, kila tukiwasema viongozi wang'ang'anizi mimi humkumbuka Jigme Singye Wangchuck wa Bhutan, ufalme mdogo wa milimani kati ya India na China. Alirithi kiti 1972 akiwa na miaka 16, baba yake alipofariki (tena alifia hapa hapa Nairobi). Desemba 2006 akamwachia mwanawe, na 2008 nchi ikachagua bunge. Hakupinduliwa. Ndiye pia aliyetanguliza furaha ya watu mbele ya pato la taifa. Mnaompinga, semeni.

Mchangiaji 1: Furaha ya nani, mkuu? Sheria ya uraia ya 1985 ilitaka mtu athibitishe kwamba alikuwa mkazi mwaka 1958. Sensa ya 1988 ikashuka kusini kwa Walhotshampa, wenye asili ya Nepal. Mzee kazeekea kwenye shamba lake la iliki, anaambiwa alete risiti ya kodi ya 1958. Hana? Ni mgeni. 1989 likaja agizo la vazi la gho (la wanaume) na kira (la wanawake), mavazi ya jadi ya watu wa kaskazini, kwa wote, na Kinepali kikaondolewa shuleni. Walioandamana 1990 walikamatwa, na wengine walitishwa hadi wakatia saini fomu kwamba wanahama kwa hiari. Eti hiari! Karibu laki moja wakaishia kwenye kambi za wakimbizi mashariki mwa Nepal, wakati sensa ya 2005 ya Bhutan nzima haikufika watu laki saba. Sanduku la kura lilipoletwa, wao walikuwa ng'ambo.

Mchangiaji 2: Mnasahau Sikkim. Ufalme jirani, wenye asili ya Nepal wakawa wengi, 1975 ukamezwa na India. Sisemi alitenda haki, ila hofu ya mfalme kwamba Bhutan nayo ingemezwa haikuwa ya kubuni.

Mchangiaji 3: Mimi Mkongomani, niko Ohio. Huku Wabhutan ni wengi, maana Marekani ilipokea zaidi ya 90,000 kutoka kambi zile. Habari ya kuulizwa "babu yako alikuwa hapa mwaka gani" sihitaji kufafanuliwa, nimetoka nayo kwetu. Jirani yangu bado anatunza risiti ya baba yake kwenye mfuko wa nailoni. Ni ya 1957. Ilikataliwa.

Mwanzisha mada: Mkuu wa Ohio, hiyo risiti imenikalisha chini. Lakini mwana yuko kitini tangu 2006 na kambi hazijaisha watu. Mbona yeye hamumtaji?