Baridi ya Makete juu ya pikipiki: nifanyeje vidole visife ganzi?

Bwana Shamba, Makete

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni afisa ugani niliyehamishiwa Makete kutoka Tanga, na kazi yangu inanitaka niwafikie wakulima kabla hawajatawanyika mashambani. Tangu kipupwe kilipoingia mwezi Juni ninaondoka nyumbani nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, na nikiwa njiani vidole vya mkono wa kulia hufa ganzi kiasi kwamba sihisi kama nimekamata breki au bado. Ninavaa sweta mbili, koti la pamba na glavu za kufuma nilizonunua mnadani, lakini baridi inapenya vilevile. Naomba wazoefu wa nyanda za juu mnieleze mnavaa nini, na kama kuna la kufanya kwenye pikipiki yenyewe. Ni pikipiki ya kawaida ya cc 125, na sina uwezo wa kuagiza vifaa vya bei kubwa.

Dereva wa bodaboda, Njombe mjini

Bwana Shamba, pole na karibu sana huku kwetu. Nguo unazo za kutosha, kinachokuumiza ni upepo. Hewa ikiwa na nyuzi 5 za Selsiasi nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba uko kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Sweta ina matundu, kwa hiyo hata ukivaa tatu, upepo utapita na kuifukuza ile hewa yenye joto iliyotulia karibu na mwili. Nguo ya nje kabisa lazima iwe ya kuzuia upepo: koti la mvua la kawaida juu ya sweta moja nzito linashinda hayo yote uliyoyataja. Bila shaka umeshawaona madereva wa huku wamevaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni. Wanafanya hivyo kwa sababu upepo hupenyea kwenye zipu, na kifua ndicho kinachoupokea.

Asiye na koti la namna hiyo huchukua ule mfuko wa plastiki unaokaa ndani ya gunia la mbolea, akauosha vizuri kwa sabuni na kuukausha, akatoboa pa kupitisha kichwa na mikono, kisha akauvaa kati ya sweta na koti. Wewe kwa kazi yako hutaikosa mifuko hiyo.

Kuhusu mikono, chukua kidumu cha lita 5, ukikate kwa urefu upate vipande viwili vilivyopinda, na ufunge kila kipande mbele ya mpini ili upepo ukigonge chenyewe badala ya vidole vyako. Glavu za kufuma usizitupe, ila juu yake vaa glavu pana za mpira.

Muuguzi, Mbeya

Ninakubaliana na ndugu yangu wa Njombe, nami nitaongeza upande wa mwili. Kiwiliwili kinapopoa, mwili hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili joto libaki kwenye moyo na viungo vingine vya ndani. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuvaa glavu nzuri na bado vidole vikafa ganzi, kumbe shingo na kifua viko wazi. Anza na skafu, uizungushe shingoni na kuiingiza ndani ya koti isiachwe ikining'inia, halafu ndipo ushughulikie mikono. Glavu pia zisibane, kwa kuwa zikibana damu haifiki kwenye ncha za vidole.

Wapo wanaokunywa ulanzi au pombe kali asubuhi ili wapate joto. Nawasihi waache. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, hivyo mtu anahisi moto usoni wakati joto la ndani linazidi kumtoka, mbali na hatari ya kuendesha akiwa amelewa. Uji wa moto au chai kabla ya safari vinafaa zaidi.

Ukiona unatetemeka bila kujizuia, ulimi unakuwa mzito au vidole vinashindwa kuzima taa ya kuonyesha upande, simama, uingie mahali pasipo na upepo. Viweke vidole kwapani, usivipeleke kwenye moto wala kwenye bomba la moshi, maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Majeraha ya namna hiyo tunayafunga kila kipupwe.

Fundi pikipiki, Makambako

Wazo la kidumu ni zuri, lakini sikubaliani na kukifunga kwa waya peke yake, kwa sababu waya hulegea kwa mtikisiko na kidumu kikaangukia mkono wa breki. Kitoboe tundu na ukikaze kwenye nati ya kioo cha pembeni, kisha ndipo uongeze waya. Kabla hujaondoka, pinda usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku ukikamata klachi na breki, na uhakikishe hakuna kinachogusana.

Vipo pia vishikio vya usukani vinavyopashwa joto kwa umeme. Hivyo hula wati 30 hadi 40, karibu sawa na taa yako kubwa, na kwenye pikipiki ndogo inayopanda milima polepole betri itakuishia. Kwako wewe sivishauri.

Bwana Shamba, Makete

Nawashukuru sana, mama muuguzi na ndugu zangu. Kidumu ninacho, nitakifunga kwa nati. Limebaki moja: nikifunga kioo cha helmeti uso unapata joto, lakini pumzi inakitia ukungu na sioni mbele.

Dereva wa bodaboda, Njombe mjini

Paka tone moja la sabuni ya maji upande wa ndani, ulisambaze, liache likauke, halafu ufute kwa kitambaa laini kikavu mpaka kioo king'ae. Funika pua kwa skafu ili pumzi ishuke chini, na kwenye kona zenye ukungu mzito fungua kioo upana wa kidole. Rudia kupaka kila asubuhi, kwa sababu umande huiondoa.