Hilux 22R inalia kama kayamba asubuhi: cheni, tapeti au konrodi?

Mwenye_Pikapu
Wakuu, naomba tulinganishe kabla sijafungua kitu. Hilux ya 1991, injini 22R ya kabureta. Asubuhi ikiwashwa inalia kama kayamba kwa mbele, karibu na rejeta, sekunde tatu nne hivi, kisha inatulia. Ikishapata moto mlio unarudi kidogo ukipiga resi hadi 2,000 na kuachia. Taa ya oili inazimika kama kawaida, nguvu ipo, moshi hakuna. Mafundi watatu, majibu matatu: cheni (ya taimingi, ndani ya kava ya mbele), tapeti (nafasi za valvu), konrodi (mkono unaoshika pistoni). Wa konrodi anataka ateremshe mashine (injini nzima) leo leo. Nianze kupima nini? Na kama ni cheni, ibadilishwe hedi (kichwa cha injini) ikiwa juu au itolewe?

Spana_13
Usiteremshe mashine kwa mlio wa sekunde nne. Konrodi iliyolegea huzidi kugonga injini ikiwa ya moto, maana oili imekuwa nyepesi, na huzidi tena ukibeba mzigo kupanda mlima. Mlio wake ni mzito, unatoka chini, si wa kukwaruza.

Hakikisha hivi, ni bure. Pasha injini, izime, chomoa waya wa plagi moja, mwisho wake uvike plagi ya akiba iliyogusana vizuri na chuma cha injini. Usiuache waya ukining'inia, koili inaumia. Washa, sikiliza, zima, hamia silinda inayofuata. Silinda ikikosa moto halafu mlio ukapungua waziwazi, kasoro iko kwenye konrodi au pistoni ya hapo. Ukizunguka zote nne mlio ni uleule, achana na habari ya konrodi.

Kisauni_Garage
Naunga mkono, ila kabla ya cheni toa vile vya nje kwanza. Legeza mikanda yote ya mbele, itoe, washa injini nusu dakika tu. Kama kayamba imenyamaza, tafuta beringi ya wota pampu, ya altaneta au fani yenyewe. Shika bapa za fani kwa mkono injini ikiwa imezimwa, zitikise mbele na nyuma; pampu isicheze.

Halafu ekzosti. Gasketi ya manifoldi ikivuja hutoa tik-tik-tik asubuhi, chuma kikipanuka kwa joto panaziba na mlio unapotea. Watu wengi wamefungua tapeti kwa sababu hiyo. Mwambie mtu azibe bomba la nyuma kwa kitambaa kinene sekunde chache wakati injini ni ya baridi: uvujaji utasikika zaidi mbele. Na bati la kukinga joto juu ya manifoldi, gonga kwa ngumi. Likilia, kaza bolti zake kabla hujamlipa mtu.

Dizeli_Tu
Mi nadhani ni nozeli (vipulizia dizeli). Legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, mlio ukipotea umeipata.

Kisauni_Garage
@Dizeli_Tu hiyo ni ya injini za dizeli, 2L na 3L, mkuu. 22R ni ya petroli, haina nozeli za namna hiyo. Tena 3L haina cheni, ina mkanda wa taimingi. Anayeambiwa "cheni ya 3L inalia" anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tapeti_na_Taimingi
Mimi ningeanza na tapeti, si kwa sababu ndizo zenye kosa bali kwa sababu tapeti kava lazima ifunguliwe hata ukienda kwenye cheni. Kazi moja, majibu mawili.

Tapeti za 22R hupimwa injini ikiwa ya moto: ingizo 0.20 mm, ekzosti 0.30 mm. Zungusha krenki (shafti kuu ya chini) kwa spana hadi alama ya puli ifike sifuri na roka (mikono inayosukuma valvu) za silinda namba moja zote ziwe huru. Hapo pima ingizo za 1 na 2, ekzosti za 1 na 3. Zungusha krenki duru moja kamili, pima ingizo za 3 na 4, ekzosti za 2 na 4. Filageji (kibamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, isilazimishwe wala isiteleze. Kaza nati ya kufungia kisha pima tena, maana skrubu hujizungusha wakati wa kukaza.

Tapeti zilizolegea hulia mlio wa haraka, mwembamba na wa mpangilio, ukifuata resi muda wote. Hazinyamazi baada ya sekunde nne. Na zisibanwe zaidi ya kipimo eti zinyamaze: valvu ya ekzosti isipokaa vizuri haipozwi na kiti chake, inaungua. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyobanwa.

Na kwa kuwa 22R ya kabureta ina pampu ya petroli ya mkono inayosukumwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu) mbele ya hedi, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini sikioni. Mkono wa pampu ukichakaa unagonga kama tapeti, na unadanganya wengi.

Benchi_la_Gerezani
Mlio wa mbele, baridi, sekunde chache, unarudi ukiachia resi: huo ni wa cheni mpaka uthibitishwe vingine. Sababu ni hii. Tenshena (kikazia cheni) ya 22R haikazwi na springi peke yake, inasukumwa na presha ya oili. Gari ikilala, oili inashuka sampu (bakuli la oili chini ya injini). Unapowasha, cheni inapiga ovyo mpaka presha ifike. Ukiachia resi mvuto wa cheni unabadilika ghafla, nayo inapiga tena.

22R za mwanzo kabisa zilikuwa na cheni ya safu mbili. Baadaye ikaja ya safu moja, inayopita kati ya reli mbili za plastiki (mafundi huziita gaidi, na kwa uharibifu wake jina linafaa). Plastiki ikizeeka hukauka, hukatika, vipande vinaanguka sampu. Reli ya upande usio na tenshena ikishavunjika, cheni inachanja ukuta wa kava ya cheni. Nyuma ya ukuta huo kuna njia ya maji. Ukitoboka, maji ya rejeta yanaingia kwenye oili, inakuwa kama chai ya maziwa, na beringi zote za chini zinakufa. Hapo ndipo yule fundi wa konrodi atakuwa amesema kweli, ila kwa kuchelewa.

Upande gani? Wamarekani wanaandika "upande wa dereva". Kwao dereva anakaa kushoto. Kwetu ni upande wa abiria: kushoto kwa gari ukitazama mbele. Umewahi kuona mtu anamulika upande wa pili na kutangaza kuwa reli ni nzima? Alikuwa anatazama tenshena.

Utaratibu: toa tapeti kava, mulika tochi chini mbele ya gia ya kemshafti. Reli ya kushoto ionekane nzima ikiwa imeshika bolti zake. Sukuma cheni kwa kidole upande huo. Ikiyumba na ukaona mfereji unaong'aa kwenye alumini ya kava, usiwashe tena gari hiyo. Fungua na kizibo cha sampu, chuja oili kwa kitambaa: vipande vyeusi au kahawia vya plastiki ni ushahidi tosha.

Spana_13
Kabla hajafungua, filta. Filta za bei chee nyingine hazina mpira wa kuzuia oili isirudi chini, au unao ila mgumu kama tairi. Mlio unakuwa huohuo wa asubuhi hata cheni ikiwa nzima. Weka filta nzuri na oili lita 4.3, ulaze gari usiku mmoja. Na funga geji ya presha ya kweli mahali pa swichi ya taa. Taa huzimika hata presha ikiwa duni. 22R ya moto itoe kilo 2.5 hadi 5 kwa sentimeta ya mraba ikiwa resi 3,000. Ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), hata 0.3 inakubalika.

Mwenye_Pikapu
Majibu. Waya za plagi: hakuna tofauti silinda zote. Mikanda nje: mlio upo. Filta mpya: umepungua kutoka sekunde nne hadi mbili. Presha resi 3,000 ni 3.2. Tapeti: ekzosti ya 3 ilikuwa 0.40, imerudishwa. Reli ya kushoto imekatika juu, kipande hakipo. Mfereji upo kwenye kava lakini kina kidogo, ukucha unashika tu. Oili ni safi, haina maji.

Sasa: hedi itoke au ibaki?

Benchi_la_Gerezani
Ibaki, kama gasketi yake haivuji na injini haichemshi. Gharama ya kutoa hedi ni gasketi, kusawazisha, na siku mbili. Ukiiacha, kazi ni ngumu zaidi sehemu mbili tu. Ya kwanza, bolti iliyojificha: mbele ya hedi, chini ya gia ya distribyuta, imezama kwenye dimbwi la oili. Inashuka hadi kwenye kava. Nyonya oili, mulika, utaiona. Wasioijua wanaivunja kava kwa bisibisi wakidhani imegandana na gasketi. Ya pili, ukingo wa mbele wa gasketi ya hedi unaokaa juu ya kava: pitisha kisu chembamba kwanza, usiuchane. Wakati wa kurudisha, paka silikoni nyembamba kwenye pembe mbili ambapo kava, bloku na hedi vinakutana.

Sampu lazima ishuke. Si kwa ajili ya nafasi pekee, vile vipande vya plastiki viko kwenye chujio la pampu ya oili.

Tapeti_na_Taimingi
Hapo natofautiana kidogo. Kama injini haijawahi kufunguliwa na historia yake haijulikani, hedi itoke. Gasketi ya zamani ikivurugwa ukingo wa mbele, itavuja miezi sita baadaye, na kazi inarudiwa yote. Bolti za hedi hukazwa kwa 78 Nm (kipimo cha nguvu ya kukazia), kwa awamu tatu, kuanzia katikati.

Kisauni_Garage
Kwa mfereji wa kushika ukucha tu, kava bado inafaa, ila kwa kuwa inatoka, bei ya kava mpya ni ndogo kuliko ya krenki.

Spea: kiti (seti kamili ya cheni) yenye reli zenye mgongo wa chuma, angalau ya kushoto. Tenshena na gia zote mbili zibadilike pamoja na cheni, meno yaliyochongoka yanaila cheni mpya. Kiti za feki hujulikana kwa tenshena: bonyeza pistoni yake kwa kidole, ikikwama au ikicheza pembeni, rudisha dukani. Cheni ina viungo viwili vya rangi tofauti, kimoja kikae alama ya gia ya krenki, kingine alama ya gia ya kemshafti, pini ya kemshafti ikiwa saa sita juu. Ukizungusha injini kwa mkono viungo vitahama, usishtuke. Alama za gia ndizo za kutazama. Bolti ya gia ya kemshafti 78 Nm, ya puli ya krenki 157 Nm.

Spana_13
Na oring'i (pete ya mpira) ya pampu ya oili nyuma ya puli, iwe mpya. Kabla ya kuwasha, toa plagi zote, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi geji ipande. Ukiwasha kavu, tenshena mpya itapiga reli mpya siku ya kwanza.